Simu Yangu Sio Mke Wangu

Kabasa, Bunda

Ndugu Mhariri wa Redio,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, nitaisubiri yako. Mimi ni Masatu, mbeba zege. Mke wangu Matrida alifariki. Nina malalamiko.

1. Mlifundisha neno teknoseksho. Mkasema limetoka Ulaya, wameunga teknolojia na mambo ya chumbani. Mwanzo lilikuwa la wanaume wa kujipodoa na kupenda vifaa vipya vya umeme, sasa ni la mtu anayetamani mashine. Sawa. Ila hamkusema Masatu hayumo.

2. Siku hiyo hiyo mchana nilikuwa Mwitongo, kumchumbia Benedikta, mjane mwenzangu. Ugali umeletwa, kiswaswadu changu, simu ya vitufe, kikataja saa. Kina sauti ya mwanamke. Nikaitika, "Nimesikia, mama." Nimezoea, ndiye ananiamshaga. Kaka yake Isidori akaacha kula. Jioni mkarusha neno lenu. Asubuhi akamrudisha mshenga wangu: "Kamwambie, dada yetu hawezi kuwa mke mdogo wa simu."

3. Habari imefika saiti nako, neno lenu ndiyo jina langu. Fundi Fredi ananiuliza, "Mzee, mama mdogo ana chaji leo?" Wanacheka mpaka zege linaganda.

4. Kama kuamshwa ni ndoa, toroli je? Nalishikaga kwa mikono miwili mchana kutwa, nalo nimelioa? Padri na kipaza sauti chake? Jirani yangu ana mashine mbili za kusaga, mbona Kanisa limenyamaza? Na nyie watangazaji mnaosogezaga mdomo karibu kabisa na kipaza, mahari mlipeleka kwa nani?

Naomba neno lirudishwe Ulaya. Kama nauli hakuna, mtangazaji aje Mwitongo mwenyewe, asimame mbele ya Isidori, aseme simu ni plastiki tu, haina roho, haina wivu. Akishindwa, anioze dada yake. Hapana, hiyo nafuta. Namtaka Benedikta. Nyumba isiyo na mtu wa kukugombeza ni mbaya, ndugu.

Nisalimie watangazaji, mlinzi wa geti na mama anayewapikia chai. Hao sina ugomvi nao.

Ni mimi niliyeonewa,
Masatu

N.B. Jibu kwa barua. Kama ni lazima kupiga simu, apige mtangazaji wa kike. Sipendagi mwanaume mwingine aongee naye.