Jinsi Lafaele wa Fagamalo Alivyoiingiza Kompyuta Yake katika Mfumo Mpya

Sogeeni, enyi mlio karibu, nanyi mliokaa pembeni mkijifanya hamsikilizi. Zimeni redio, mwacheni nguruwe apige kelele zake mwenyewe, maana nitawasimulia jambo kubwa lililotendeka Fagamalo, kaskazini mwa kisiwa cha Savai'i, nyumbani kwa Lafaele mwana wa Tusani, msemaji wa ukoo, mshika fimbo na usinga, ambaye sauti yake ikitoka uwanjani hata mbwa hukaa chini. Vita alivyopigana havikuwa vya rungu. Aliweka mfumo mpya kwenye kompyuta yake ya nyumbani, mchana kweupe, bila fundi.

Lafaele alikuwa na mdogo wake, jina lake Peleti. Siku ya kumzika baba yao, Lafaele alisimama akautaja ukoo wote, walio hai na waliotangulia, hata akafika kwa watoto wa marehemu. Na hapo jina la Peleti akaliruka, kwa kuwa Peleti alikuwa amechelewa kufika na msemaji alikuwa amepandwa na hasira. Watu wote wakasikia. Peleti, aliyekuwa ndio kwanza anashuka kwenye gari, naye akasikia. Akaenda zake Tokoroa, huko Nyuzilandi, akafanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao mpaka kelele za misumeno zikamla masikio yote mawili. Miaka ikapita, ndugu hao wasisemezane.

Hata siku moja zikaja salamu kwa mkono wa binamu wa Fetuao, mke wa Lafaele: "Jumamosi mchana nitampigia kaka kwa video. Sisikii siku hizi, nasoma midomo. Kama ana neno, aliseme nikimwona."

Ijumaa jioni Lafaele akaifungua programu ya kupigia, nayo ikamjibu bila adabu kwamba haifanyi kazi tena kwenye mfumo wa zamani.

"Si uazime simu kwa jirani?" akasema Fetuao. Simu zao wenyewe zote mbili zilikuwa za vitufe.

"Nimwombe ndugu yangu radhi kwa simu ya kuazima, na mwenye simu amesimama mlangoni anaisubiri?"

"Basi mwite fundi."

"Fundi yuko Apia, ng'ambo, hadi Jumatatu."

"Haya, shujaa wangu. Utuonyeshe."

Asubuhi ya Jumamosi, Lafaele akajifunga kiunoni lavalava yake ya sherehe, akajipaka mafuta ya nazi kifuani, akatwaa usinga akautupia begani, akasimama mbele ya mashine na kuihutubia. "Ewe kisanduku cha kijivu, uliyekula umeme wangu miaka yote hii nami nisikuhesabie! Mimi ni Lafaele mwana wa Tusani. Wakuu wa wilaya hunipisha nipite. Leo ninakutaka uupokee mfumo mpya kwa heshima, wala usinifedheheshe mbele ya mke wangu."

Akabonyeza. Mashine ikafikiri. Kisha ikatangaza kwamba diski imejaa.

Fetuao akavuta kiti. "Imejazwa na nini?"

Lafaele akakohoa. Ilikuwa imejazwa na yeye mwenyewe. Humo zilikaa video za hotuba zake zote: harusi, mazishi, makanisa mapya, ziara za mawaziri, zimepangwa kama askari kwenye gwaride.

"Futa hii," akasema Fetuao. "Uzinduzi wa choo cha shule."

"Hotuba ile iliwaliza watu!"

"Walilia kwa sababu ya mvua, mzee. Uliwashika pale mpaka wakalowa. Futa."

Akaifuta. Ikaanguka harusi ya binti wa mchungaji. Likaanguka kanisa la Safotu. Wakaanguka mawaziri mmoja baada ya mwingine, pasipo kaburi wala wimbo. Kila ilipoanguka moja, msemaji alitaja jina lake kwa sauti ya chini, na kila mara mashine ikajibu kwamba nafasi haijatosha. Mwisho ikabaki moja tu, iliyo kubwa kuliko zote: mazishi ya baba yake. Ndiyo iliyompa jina kisiwa kizima. Wageni walipokuja ndiyo aliyowawekea waitazame, naye siku zote aliisimamisha kabla haijafika kwenye watoto.

Lafaele akaketi mbele ya skrini, mkono juu ya kipanya.

"Hii nayo," akanena, akaifuta.

Ndipo mfumo mpya ukaanza kuingia, kwa mwendo wa kobe mwenye mawazo. Skrini ikaandika: usizime kompyuta. Fetuao akaja na pasi apige nguo za kanisani. Lafaele akasimama mbele ya soketi, ameufumbata usinga.

"Waya wa nyumba hii ni mmoja. Ukiichomeka hiyo, umeme utakatika, tumekwisha."

"Kesho utakwenda kanisani na makunyanzi."

"Nitakwenda na makunyanzi!"

Mashine ikazima, ikawaka, ikazima tena, nao wawili wakashikana mikono pasipo kujua, mpaka skrini ikang'aa buluu na kumkaribisha Lafaele kwa jina lake. Hata hawajapumua vizuri, simu ya video ikaingia. Akatokea Peleti, mvi tupu, amevaa sweta.

Lafaele akainuka, akaanza kama ilivyo desturi kwa kuusalimu mlima na malango ya kijiji. Peleti akatikisa kichwa, akasema neno. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

"Spika zimegoma," akasema Fetuao, akiminya kila palipominyika. "Mfumo mpya hauzitambui. Mko sawa sasa, wote viziwi."

Msemaji wa ukoo akasimama bila silaha. Kisha akainama hadi kwenye kamera, akasema polepole, "Peleti, mwana wa Tusani. Nilikosa. Nisamehe."

Peleti akakazia macho. Akajibu, akipunga mkono.

"Amesema amenisamehe," akasema Lafaele, na machozi yakamlengalenga.

"Amesema rudi nyuma. Anaona pua tu."

Akarudi nyuma, akayasema tena yote. Safari hii Peleti aliyasoma mpaka mwisho. Akavua miwani, akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akacheka, akaonyesha tumbo la kaka yake kwa kidole na kutamka neno ambalo hata Lafaele hakuhitaji kutafsiriwa.

Basi na ijulikane kote, Savai'i na Upolu na ng'ambo ya bahari, kwamba Jumamosi ile mfumo mpya uliingia Fagamalo na umeme haukukatika, na aliyeuingiza ni Lafaele mwana wa Tusani. Jumatatu fundi alivuka kutoka Apia kuja kutengeneza spika. Lafaele alimwashiria kwa usinga akae nje kwanza barazani. Alikuwa katikati ya mazungumzo na Peleti.