Ombi kwa Mkwe Wangu Rachid Aache Kuchagua Risasi

Rumonge, mwezi wa Desemba

Kwa mkwe wangu mheshimiwa Rachid, mwana wa Hadji wa Nyanza-Lac, aishiye Amerika kwenye baridi.

KUHUSU: Risasi, viatu vya risasi, na jina langu.

Assalaam alaykum, mkwe wangu. Sisi huku ni amahoro, salama tupu. Mawese yanatoka, ndagala wanapatikana, na mvua inanyesha kama imetumwa. Ninakuandikia kwa mkono kwa sababu mama mkwe hawezi kumsema mkwe wake kwa sauti ndani ya grupu ya WhatsApp ambamo wamo ndugu zako wa Muhuta. Riziki, shemeji yako, ataipiga picha barua hii karatasi kwa karatasi, akutumie wewe peke yako. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Kwanza nikiri wema wako. Binti yangu Fahima umemtunza, na hujawahi kumpandishia sauti. Kiwandani kwenu, kile cha kuku, unaheshimika. Wala sikulaumu kwa kuwinda. Wenzako walikualika msituni, ukaenda, ukapenda. Mtu mzima ana haki ya kupenda kitu. Ulipotuambia kwamba kule kuna msimu ambao kulungu huwindwa kwa gobore tu, lile la kumimina baruti mdomoni na kushindilia risasi kwa ufito, baba yako Hadji alitokwa na machozi ya furaha, maana babu yako alikuwa nalo Ujiji. Hata mimi nilisema mashallah.

Lakini ulipoanza kutuletea habari za risasi zenyewe, ndipo nyumba ilipoanza kuvuja. Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Mtoto hana jina. Fahima alipojifungua, wewe mwenyewe ulitangaza kwamba binti ataitwa Asiya, jina langu, siku ya akika. Nikashona gauni. Kisha ukasema akika hiyo utaifanya kwa kulungu uliyempiga kwa mkono wako, ili wenzako wa kiwandani wale nyama ya heshima. Msimu ukaja, ukapita. Ulikuwa unachagua risasi. Mtoto akaota meno. Msimu mwingine umefika, bado unachagua. Sasa mtoto anatembea, anafungua makabati, anakula wali kwa mkono wake, na bado anaitwa Bebe. Gauni langu limekuwa dogo kwangu.

Nilikwenda kwa shehe wetu. Nikamweleza kwamba kuna risasi ya duara kama gololi, na kuna ile nyembamba inayovalishwa kikombe cha plastiki kiitwacho saboti, ili ibane vizuri ndani ya mtutu. Na kwamba ikishatoka nje plastiki inadondoka, risasi inaendelea na safari. Nikamuuliza kama nyama itakuwa halali iwapo ile plastiki itamgusa mnyama kwanza. Shehe akafunga kitabu chake. Akasema, "Mama Fahima, akika ni mbuzi au kondoo. Kulungu ni kitoweo. Mwambie mkweo anunue mbuzi."

2. Lugha yako. Ulipotuma sauti ukisema kwamba umenunua sabot za rangi tatu, Riziki, aliyesoma Kifaransa, alitufasiria kuwa sabot ni kiatu cha mti. Tukafurahi kwamba umemnunulia mtoto viatu. Shangazi yako wa Muhuta akakuombea dua ndefu kwenye grupu, Mungu akuongezee. Kesho yake ikaja picha: kiatu chenyewe kinalingana na ncha ya kidole, na aliyekivaa ni kipande cha shaba. Shangazi yako ameniuliza kama dua inaweza kurudishwa.

3. Lalamiko la tatu nimelifuta. Riziki amesema lina maneno ambayo mkwe haambiwi.

4. Posa ya Riziki. Hili niwie radhi nilieleze kwa urefu, kwa kuwa wewe ulikuwa mbali nalo ingawa ndiwe uliyelileta.

Unajua kwamba kijana Kalume wa Kizuka, mwenye shamba la michikichi, anamtaka mdogo wa mkeo. Washenga wakaja kwetu, wakiongozwa na baba yake mdogo, mtu mnene, mpole, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kwa kuwa sisi hatuna mwanamume mkubwa tangu mume wangu afariki, nilimwomba baba yako Hadji aje kutoka Nyanza-Lac atusimamie. Akaja. Na jirani yetu Cikuru, yule mvuvi Mukongomani, alipita kusalimia tu, akaona kahawa, akakaa.

Hata vikombe havijajaa, Hadji akawauliza wageni, "Kabla hatujaenda mbali, ninyi mko upande gani? Gololi au plastiki?"

Baba mdogo wa Kalume alidhani anaulizwa habari ya vyombo vya arusi. Akajibu kwa adabu, "Sisi nyumbani tunatumia plastiki, mzee."

Hadji akachafuka. Akasema plastiki ni utoto, kwamba babu yako alipakia gololi tupu kwenye kitambaa chenye mafuta na hakuna mnyama aliyelalamika. Hapo Cikuru akaweka kikombe chini. "Papa Hadji, weye unabisha bure. Ile kiatu iko na kazi. Musinibishie, ngoja nionyeshe."

Ninaapa sikujua anakwenda kuleta nini. Alileta pampu ya baiskeli, akafunga kwenye mdomo wa pampu kipande cha bomba la maji, akaokota mbegu za michikichi uwanjani kwangu. Mbegu ya kwanza aliitia tupu. Akasukuma pampu. Hewa ikapita pembeni, mbegu ikatoka kama mate ya mtu aliyechoka, ikaanguka kwenye mkeka. Hadji akasema pampu ni mbovu. Mbegu ya pili Cikuru aliivalisha kipande cha jani la mgomba, ikabana, akaisukuma ndani kwa kijiti kama unavyofanya wewe na ufito wako. Wageni wakawa wanatazama kwa hamu. Nao ni binadamu. Cikuru akasukuma pampu kwa uzito wake wote.

Mkwe wangu, ilikwenda moja kwa moja. Jani lilidondoka katikati ya uwanja, taratibu, kama ulivyotueleza wewe. Mbegu ilimpata baba mdogo wa Kalume kwenye paji la uso.

Kisha Cikuru akaruka juu: "Munaona? Jani imebaki, mbegu imekwenda!" Na Hadji, badala ya kumshika mgeni mkono, akasema, "Hiyo ni bahati. Rudia!"

Wageni wakasimama. Yule mzee alitoka mkono ukiwa pajini, na hata alipokuwa anaondoka alisema "murakoze kwa kahawa," ndivyo alivyo mpole. Riziki alijifungia jikoni akalia mpaka nikamsikia nikiwa barabarani nawasindikiza wageni. Nami nililia, kwa sababu yule ni mwanangu wa mwisho, na nyumba hii ikishabaki na mimi peke yangu ningependa ibaki na heri, si na pampu.

Kesho yake Kalume akaja mwenyewe. Nikajua amekuja kuvunja. Akasimama mlangoni, akavua kofia, akaniambia, "Mama, ninaomba kuuliza. Ile iliyompata baba mdogo, ilikuwa imevaa jani ao ilikuwa tupu?" Nikamwambia ilikuwa imevaa. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akasema, "Nilijua." Basi kijana hajavunja. Lakini baba yake mdogo harudi mpaka Hadji aombe radhi, na Hadji haombi radhi kwa sababu, anasema, risasi iliyompiga mgeni haikuwa ya upande wake. Posa imekaa hapo.

5. Binti yangu Fahima. Ananipigia simu, haulalamikii moyo wako, analalamikia meza. Anasema meza ya kulia imejaa risasi zilizopangwa kwa uzito, na mizani yake ya unga ndiyo inayozipima. Anasema picha ya arusi imeshushwa ukutani, na mahali pake umetundika karatasi za shabaha zenye matundu. Amenisomea kila kitu mpaka mimi muuza mawese nimekuwa mjuzi: kwamba saboti ya bluu inabana mno, ulilalia ufito mpaka ukaumia kifua, kwamba nyekundu inalegea, risasi inateleza mbele na kuiacha baruti nyuma, jambo ambalo wewe mwenyewe ulisema laweza kupasua mtutu. Mtutu huo unalala chini ya paa moja na mwanangu! Na nyeusi, unasema, "haina neno, ila sina hakika."

Hakika gani unayoitaka, mkwe wangu? Ulipomuoa Fahima uliuliza mara moja tu.

Na hili la kulungu wa juzi nimelisikia. Alitoka kichakani, akasimama kama umbali wa kutoka mlangoni petu hadi msikitini. Bunduki yako ilikuwa tupu, kwa kuwa mkono mmoja ulishika risasi ya bluu na mwingine nyeusi, unazilinganisha. Mnyama alikutazama. Fahima anasema ulimweleza kwamba kulungu "alishtuka akakimbia." Rafiki yako uliyekuwa naye alimweleza mkewe kwamba hakukimbia. Aliondoka akitembea.

6. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Wiki hii Fahima ameniwekea mtoto kwenye simu. Nikamwita, "Asiya! Asiya wangu!" Hakugeuka. Wewe baba yake ukasema kutoka chumba cha pili, "Saboti ziko wapi?" Mtoto akageuka, akacheka, akanyoosha mikono, akasema: "Boti!" Ndilo neno lake la kwanza, Rachid. Mjukuu wangu anaitikia jina la plastiki.

Kwa hiyo ninaomba, kwa magoti ya mtu mzima: uza bunduki hiyo kwa mtu asiye na familia. Baruti mwachie atakayeinunua. Karatasi zenye matundu zishushwe, picha ya arusi ipande. Nunua mbuzi, hata kama kule anauzwa akiwa amegandishwa kama barafu, mpe mtoto jina, na ukituma habari kwenye grupu isiwe na neno lolote linalohusu kubana wala kulegea. Ukikataa, nitamwomba Fahima aje Rumonge na mtoto wakae nami mpaka msimu uishe. Na ukikataa tena, baba yako na mimi tutapanda ndege pamoja, tukibishana kutoka Bujumbura hadi mlangoni kwako, na utatukaribisha wote wawili kwenye meza hiyo hiyo. Fikiri vizuri lipi ni jepesi.

Mwanamke hana kazi na risasi, na nyumba yenye mtoto haina haja ya bunduki. Huo ndio msimamo wangu, na hautabadilika.

Msalimie Fahima, umshike mtoto kichwani kwa niaba yangu. Wasalimie wenzako wa kiwandani na wake zao. Riziki anakusalimu akiwa amenuna. Cikuru anakusalimu akiwa amefurahi. Kalume anakusalimu na anaomba picha nyingine, lakini usimtumie. Mungu awahifadhi dhidi ya baridi.

Ni mimi niliyekupa binti yangu kwa moyo mmoja,
Asiya, mama Fahima

N.B. Barua ilikuwa imekwisha na Riziki ameshika simu aipige picha, Fahima akapiga. Kumbe mtihani wa kupata kibali cha kuwinda huko kwenu ameufanya zamani pamoja na mke wa rafiki yako, na kibali anacho. Hakukuambia kwa sababu ulikuwa umeshika mizani. Jana ulipobaki na mtoto ukidhani amekwenda sokoni, wawili hao walikwenda msituni. Akatia baruti, akatia nyeusi, akasema bismillah, akapiga mara moja. Akamwahi mnyama kwa kisu cha jikoni, akamchinja. Kulungu mzima, pembe kama matawi! Nimepiga vigelegele mpaka Cikuru akaja mbio.

Nisikufiche: nyeusi ni mimi niliyemwambia. Kila aliponisomea matundu yako nilikuwa naona wazi kwamba nyeusi ndiyo inayopiga pamoja, matundu yake yamekaribiana, na wewe huoni. Kwa hiyo yale ya kuuza bunduki uyaruke. Bunduki ibaki, ila iwe ya Fahima. Anataka kurudi msituni Jumamosi na ameona haya kukuuliza, hivyo ninakuuliza mimi kwa niaba yake: baruti iliyobaki umeiweka wapi? Nijibu upesi, mkwe wangu. Msimu unakwisha.