Mkwe wa Kijapani

Jumatatu, 16 Juni

Mwaka wa pili unakatika tangu nihitimu. Shahada ya fasihi. Bado niko Kibiti, bado nalala kwenye kitanda nilicholalia darasa la tano. Lakini kuanzia leo mambo ni mengine!

Studio moja ya Dar inatafuta watu wa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni ya Kijapani. Wametuma kipande cha dakika saba na maneno yake kwa Kiingereza. Atakayewapendeza anapewa msimu mzima. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni.

Nimekitazama mara kumi na moja. Familia ya kawaida kabisa. Bibi anaitwa Umeko. Mkwewe, mume wa binti yake, anaitwa Tadao. Yupo binti, yupo mtoto, yupo paka. Umeko anamlaumu Tadao kwa kutangulia kuoga. Tadao anaomba radhi. Wanakula tikiti maji. Paka anapita. Basi. Hakuna anayekufa, hakuna anayeruka ghorofa. Nililia.

Nikiipata kazi hii, nimepona Nyamwage.

Nyamwage ni kwa Shangazi Tabu, dada yake Baba, mwenye mgahawa pale malori yanapopumzika. Baba anataka niende nikamsaidie. Nioshe masufuria! Mimi! Bahati njema, Baba hanipeleki popote bila ridhaa ya Bibi Mwajabu, mama yake Mama, anayeishi nasi tangu mafuriko yalipomtoa kule deltani. Na Baba hawezi kumwuliza Bibi. Ni mama mkwe wake. Miaka ishirini na sita hawajasemezana uso kwa uso. Bibi akisikia kikohozi cha Baba, anajifunika khanga na kutokea mlango wa uani. Baba akiona ndala za Bibi barazani, anazunguka nyumba nzima. Neno lolote kati yao linapelekwa na mtu wa tatu. Mama yuko shambani Mtawanya anavuna ufuta. Kwa hiyo mtu wa tatu ni mimi.

Wiki tatu zilizopita Baba aliniagiza nimwulize Bibi kama ameridhia niende. Bibi akasema niende hata kesho, nimelala vya kutosha. Nikarudi kwa Baba, nikasema Bibi anaumwa miguu, hawezi kubaki peke yake. Nikarudi kwa Bibi, nikasema Baba ameghairi.

Sikusema uongo. Nilihariri.

Jumanne, 17 Juni

Nimejaribu kuingiza sauti zote peke yangu. Nimesikiliza. Ni msichana mmoja mwenye mafua anayegombana na nafsi yake. Haifai kabisa.

Nahitaji sauti za kweli. Mama mkwe wa kweli, mkwe wa kweli. Na ninao! Wako humu humu ndani, mmoja uani, mmoja mbele! Nimeshangaa nimechelewa kuliona hili.

Nikampelekea Bibi simu atazame. Alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Akauliza kama watu hawa wanaoga katika maji mamoja. Nikasema ndiyo, kwa zamu. Akauliza kama mkwe anaweza kuingia kwanza, mama mkwe akafuatia. Nikasema ndiyo, ni desturi yao. Akanirudishia simu kwa ncha za vidole viwili. Akasema: "We mwana, usiniletee mambo haya kabla sijala."

Jioni kulizuka tatizo dogo. Baba ni seremala, na mtu ukimtajia ugonjwa yeye anafikiria mbao. Kwa ajili ya ile miguu amemchongea Bibi mkongojo wa mninga, na kichwa cha bata. Nikaupeleka. Bibi akauliza ni wa nini. Huyu ni mwanamke aliyetwanga debe la mpunga jana na bado akatafuta kazi nyingine. Nikasema ni heshima tu, siku hizi mama wakwe wa mjini wote wanao. Ameutumia kumkimbiza jogoo wa jirani mpaka barabarani. Baba alisikia vishindo, akaniuliza kama Bibi anajitahidi kutembea.

Nikasema anajitahidi.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya ushindi. Naandika kwa mpangilio.

Kwanza, kipaza sauti. Anacho Zamda wa nyumba ya tatu, cha kubana kwenye nguo, anachotumia kutangaza vitenge vyake mtandaoni. Zamda niliketi naye dawati moja. Aliishia kidato cha nne na ana duka, friji na wateja mpaka Ikwiriri. Sina wivu. Nimeandika ukweli tu. Alisema kipaza sauti atanipa akipewa na yeye sehemu. Nimempa paka. Akauliza kama kuna sehemu kubwa zaidi. Nikamwambia paka ndiye roho ya kisa kizima. Hakuamini, lakini alianza kulia nyau pale pale dukani, mbele ya mteja.

Pili, Baba. Nilidhani atakataa. Alitazama mara mbili, amesimama na randa mkononi. Akasema huyu bwana Tadao anaonewa. Mtu katoka kazini, ana vumbi, kaoga, kosa lake nini? Akasema yuko tayari kumsemea.

Tatu, Bibi. Nilimweleza kitaalamu kwamba katika sanaa anayesema si yeye, ni Umeko. Umeko ni Mjapani na Kibiti hana mkwe. Bibi akafikiri sana. Akaomba atazame tena. Safari hii alikasirika, ila si kwa ajili ya maji. Alimkasirikia Umeko. Akasema mwanamke mtu mzima hajui kulaumu, analalamika kama anaomba chumvi kwa jirani. Akasema, "Nipe mimi, nimwoneshe." Sharti moja: doti ya khanga itundikwe katikati ya ukumbi, yeye upande huu na yule upande ule.

Mapema, wakati naondoka dukani kwake, Zamda alinifuata mpaka njiani. Ile hadithi ya miguu anaijua, nilimsimulia mwenyewe nikijisifu. Akaniuliza kama nina hakika kwamba nataka watu hawa wawili wasemezane. "Shoga, wewe si ndiye posta yao?"

Nikamwambia haelewi sanaa. Namwonea huruma. Friji si kila kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Tulianza baada ya alasiri. Khanga juu ya kamba, kipaza sauti kimebanwa kwenye pindo. Bibi kwenye mkeka. Baba kwenye kigoda, kavaa kanzu, sijui kwa nini. Mimi mwisho wa pazia, naonwa na wote wawili, simu mkononi, nikiwaashiria zamu zao. Zamda nyuma yangu, anasafisha koo la paka.

Bibi alikuwa ameukariri mstari wake. "Tadao! Umetangulia kuoga tena!"

Baba alishtuka kweli. Akasema, "Nisameheni, mama." Sauti ilimtoka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki pono.

Zamda akalia nyau. Haikuwa zamu yake.

Mstari uliofuata wa Bibi ulihusu sabuni. Hakuusema. Akasema, "Tadao. Na ule mkongojo, ulikuwa wa nini?"

Kwenye katuni hakuna mkongojo. Nilitaka kusimamisha. Lakini kwenye kioo cha simu Umeko alikuwa anafungua mdomo na kuufumba, na maneno ya Bibi yakaingia mle mdomoni barabara, silabi kwa silabi. Nikawaashiria waendelee!

Tadao akasema aliambiwa mama hawezi miguu. Umeko akauliza ni miguu ipi hiyo, kwa sababu hii aliyonayo imetembea juzi mpaka sokoni na kurudi na ndizi mkungu mzima kichwani. Tadao akasema basi amwie radhi, yeye ni mtu wa kuletewa habari. Umeko akauliza, habari hizo hapa Japani zinaletwa na nani?

Tadao akakohoa. "Na mtoto, mama."

"Ahaa," akasema Umeko.

Ile "ahaa"! Waigizaji wanasoma miaka mitatu na hawaipati. Nikaandika pembeni ya karatasi: uhalisia!! Zamda alinifinya mgongoni. Nikausukuma mkono wake.

Umeko akasema kwamba yeye kwa upande wake aliambiwa Tadao ameghairi. Tadao akasema hajaghairi hata siku moja, dada yake anapiga simu kila Ijumaa. Nilikuwa naangalia midomo tu. Midomo ilikuwa inakaa sawa mno, sikusikia kinachosemwa. Kisha nikasikia.

"Basi mpeleke Nyamwage, mwanangu. Mimi sina neno tangu mwanzo. Mpeleke Jumamosi."

Japani hakuna Nyamwage.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Zilibaki sekunde arobaini. Ningebonyeza, kipande kingeharibika, ningedai simu imezima, tungeanza upya na kila mtu angesoma mstari wake. Kwenye kioo Umeko alikuwa anakata tikiti. Tadao ameinamisha kichwa. Na Baba, nyuma ya khanga, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia humu ndani, "Mama, nilitaka kuwashukuru. Siku nyingi. Nilikosa wa kumtuma."

Bibi akasema, "Chumba ulichonipa hakivuji, Tadao. Nami nilikosa wa kumtuma."

Sikubonyeza. Ilikuwa rekodi nzuri mno.

Zamda akalia nyau. Safari hii kwa wakati wake.

Ijumaa, 20 Juni

Nimetuma saa tisa na dakika hamsini. Mtandao ulisumbua, nikapanda juu ya rundo la mbao la Baba. Imefika!

Mama amerudi kutoka Mtawanya. Nilitegemea atanitetea. Alisikiliza habari yote, akaenda chumbani, nikamsikia anacheka peke yake, tena kwa muda mrefu.

Khanga imeshatunguliwa, na wale wawili wamerudi kuwa kama walivyokuwa. Asubuhi Baba alikohoa, Bibi akakimbilia uani. Kisha Baba akaniita, akaniagiza nimwulize Bibi kama Zuhra aondoke kwa basi la asubuhi au la mchana. Zuhra ni mimi. Nikaenda kumwuliza. Bibi akasema, mwambie baba yako, la asubuhi. Nikasimama njiani kati ya uani na karakana. Nilifikiria kuhariri. Nikaona Mama ananitazama dirishani.

Nikaufikisha ujumbe kama ulivyo. Niliongeza kidogo tu kwamba Bibi amesema kwa huzuni.

Baba akacheka. Sijui kwa nini.

Kosa liko wapi? Nimelichambua usiku kucha. Si la kwangu. Ni la maandishi ya Kiingereza, yameacha mapengo mengi. Ukimwachia mwigizaji pengo, atalijaza kwa vitu vya nyumbani kwake. Hili ni tatizo la kitaalamu.

Jumapili, 22 Juni

Nyamwage. Nimeosha masufuria sita. La saba linaingia mtu mzima.

Shangazi Tabu ananiita "Msomi." Msomi, lete maji. Msomi, geuza samaki. Dereva mmoja wa lori aliuliza nimesomea nini. Nikasema fasihi. Akasema pole, na Shangazi akamwongezea mchuzi bila kuombwa.

Hakuna shida. Ni kwa siku chache. Studio watajibu.

Jumatano, 25 Juni

Studio wamejibu!

Wanasema sauti za wazee wawili ni nzuri kuliko zote walizopokea. Wanasema walizisikiliza ofisi nzima, na dada mmoja wa mapokezi alitoka nje kufuta macho. Lakini wanasikitika kwamba hawawezi kutupa kazi, kwa sababu kwenye picha watu wanakula tikiti maji na kwenye sauti kuna mtu anapelekwa Nyamwage. Pia wameuliza kama paka ni mzima.

Nimesoma mara nyingi, na sioni kama ni kukataliwa. Wameonyesha tu kilichopungua: nidhamu ya maandishi. Basi! Hilo nalimudu.

Usiku huu, juu ya gunia la mchele, nimeandika sehemu ya pili mwenyewe. Bila pengo hata moja. Mtoto wa familia amepelekwa mbali kufanya kazi isiyolingana na elimu yake. Nyumba imepooza. Umeko hali, hanywi. Anamwambia Tadao, "Tumekosea, mwanangu, kamrudishe mtoto." Tadao anakiri. Anapanda treni. Paka anapita. Kurasa nne, na juu ya kila ukurasa nimeandika kwa herufi kubwa: SOMENI KAMA ILIVYOANDIKWA.

Nimepiga picha kurasa zote nikamtumia Zamda, awasomee mpaka wakariri. Nimemwomba atundike khanga kesho jioni na kuwakalisha pamoja, kila mtu upande wake, waongee polepole na bila haraka. Watu wawili wenye akili, wakizungumza kwa utulivu, wataona wenyewe kwamba nahitajika nyumbani. Nashangaa kwa nini sikuwakutanisha mapema.

Zamda amejibu sasa hivi. Anasema hana haja ya kutundika kitu. Khanga iko juu ya kamba tangu Jumapili. Bibi ameitundika mwenyewe. Kila baada ya magharibi Tadao anakaa kwenye kigoda, Umeko kwenye mkeka, Mama anawaletea chai huku na huku, na wanapiga soga mpaka isha. Jana walicheka hadi majirani wakasikia.

Mazoezi! Kila siku, bila kuambiwa! Nilijua wana kipaji.

Nimemwuliza Zamda wanazungumza nini, maana maandishi yangu bado hawajayapata. Simu inaonyesha bado anaandika. Anaandika muda mrefu.