Mnara Umehamia Kivinje Salama

(Hotuba ya Mratibu Mkuu wa Uhamishaji wa Minara, Mheshimiwa Hussen Mkwanda, mahali palipokuwa na banda la pweza, Kilwa Kivinje.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa udhuru wa mgeni rasmi ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Kaimu Mwakilishi wa Mwakilishi. Masheikh wetu, mapadri wetu. Wazee, shikamooni (marahaba hafifu). Wadau wote wa minara ndani na nje ya kata. Na wewe uliyekaa kwenye kiti changu: itifaki imezingatiwa, na ambaye haikumfikia itamfikia awamu ya pili.

Ndugu wananchi, leo tunazindua, kwa mara ya tatu na kwa mafanikio yaleyale, Mnara wa Mshikamano na Maendeleo Endelevu. (Makofi ya viongozi. Wananchi wanageuza shingo kuutafuta mnara.) Mtakumbuka kuwa ulizinduliwa kwanza Somanga, lakini fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, ikabaini kwamba magari pale yanapita kwa kasi na abiria hawauoni, tukauhamishia Likawage, ambako hakuna anayepita kabisa, na changamoto ya kasi ikawa imetatuliwa kwa asilimia mia. (Kicheko.) Katika kipindi hicho watalii waliongezeka kwa asilimia mia mbili, yaani kutoka mmoja hadi watatu, na msiwasikilize wanaosema hao wawili walikuwa wamepotea njia, kwa sababu mtalii aliyepotea naye ni mtalii, tena huyo ndiye anayekaa muda mrefu. (Makofi.)

Sasa mnara uko nyumbani, na mgeni atakayesimama chini yake ataona kulia jengo la enzi za Mjerumani, ambalo kwa sasa linaonekana mpaka ndani kwa kuwa halina paa. Kushoto ataona soko. Nyuma, magari ya kwenda Kilwa Masoko. Na mbele, bahari, ambayo tangu niingie ofisini haijakauka hata siku moja.

(Pa!)

Asanteni kwa makofi.

(Si makofi. Ni Mwanaima, muuza supu ya pweza, ambaye banda lake lilivunjwa ili mnara uonekane vizuri kutoka barabarani. Jiko lake liko ubavuni, sufuria inachemka. Amemlaza pweza mwingine juu ya jiwe la msingi na anamponda alainike.)

Mama, hilo ni jiwe la msingi!

("Nalijua, baba. Tangu mlitue hapa, ndicho kitu pekee cha mradi kinachofanya kazi. Banda langu liko wapi?")

Swali zuri, tena mtambuka. Banda lako halikuvunjwa, mama. Limehamishwa kwa utaratibu uleule wa mnara: lipo, ila haliko hapa.

("Basi nionyeshe huo mnara, nilifuate banda hukohuko!" Vigelegele. Khamisi wa bodaboda anadakia: "Mheshimiwa, tuonyeshe hata kivuli chake tu!")

Ndugu wananchi, tusibebwe na mihemko. Minara ya wenzetu ni ya mawe na saruji, mizigo mizito, inaziba upepo na kunguru wanaichafua. Huu wetu tangu uzinduzi wa kwanza haujapata ufa, haujabanduka rangi, na tumeuhamisha mara mbili bila kreni, kwa pikapu moja, na nafasi ya abiria ikabaki. Wilaya gani imeweza? (Pa! Pa!) Asanteni sana.

Semeni nami: Mnara ni wetu! ("Na banda ni la nani?") Minara hoyee! ("Hoyee," kutoka meza kuu.) Uhamishaji juu, juu zaidi!

Kwa namna ya pekee namshukuru mchoraji Stephano, aliyeuchora mnara kwenye bango hili, maana bila yeye hata mimi nisingejua ungefananaje. Nawashukuru mafundi walioujenga, ambao tutaanza kuwatafuta. Na namshukuru dereva wangu, aliyelibeba jiwe hili vituo vyote bila kunung'unika. Dereva, lipakie. Kesho mnara unarudi Somanga, wananchi wameukumbuka.

(Dereva anainama. Mwanaima ameshalikalia jiwe, na foleni ya supu imefika mpaka meza kuu.)

("Mnara hamisheni tu, baba," anasema, akimkabidhi dereva bakuli. "Jiwe limeshapata ajira.")

(Dereva anatafuta pa kukaa. Nyuma ya foleni, kuna anayeuliza kwa kipaza sauti kama mgeni rasmi anaruhusiwa kupita mbele.)