Shangwe Zisubiri Kibali

Inatangazwa kwa wananchi wote, wapenda mbio za baiskeli na wasiozipenda, kwamba Serikali, baada ya kutafakari kwa kina na kunywa chai, imeunda Kamati ya Taifa ya Kuratibu Shaka na Shangwe. Tangu sasa hakuna shabiki atakayeruhusiwa kumshangilia bingwa kabla hajamaliza kumshuku. Kushuku kwanza, kushangilia baadaye, kwa foleni, bila kusukumana.

Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo, upande wa mashabiki. Niliteuliwa kwa sababu kila mwaka nakaa mahali palepale karibu na mstari wa kumalizia, juu ya kigoda changu, birika la chai likiwa limefunikwa kitambaa cha maua, na Mwenyekiti alisema sura yangu inaonyesha utulivu wa wananchi. Elimu yangu ni ya msingi, nayo niliimaliza. Nilipotamka mbele ya kikao kwamba bingwa wa sasa ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu wa pili, Katibu aliandika, akapuliza wino ukauke, akasema mgongano wangu wa maslahi ni wa ukubwa wa kawaida, tena katika meza ile upo wa kunipita.

Mtu asidhani kamati ilizuka kama uyoga. Kabla ya mjukuu wangu tulikuwa na bingwa mwingine. Tulimpenda yule bwana mpaka kinyozi akachora picha yake mlangoni, na meno yote. Alipokutwa na dawa za kuongeza nguvu, watu walilia njiani kama waliofiwa. Kinyozi hakuifuta picha, maana rangi ni ghali. Aliiongezea masharubu na miwani, ikawa picha ya mtu mwingine ambaye bado hajakosea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nchi nzima ikawa inashtuka, lakini ovyoovyo, kila mtu kwa wakati wake. Ndipo ikaonekana haja ya uratibu.

Tulianza na semina elekezi, katika ukumbi wenye mapazia ya buluu yaliyopauka upande wa jua. Mwenyekiti, mtu mnene kiasi, msafi, mwenye sauti ya kufungulia mikutano, alitufundisha ngazi za shaka. Shaka dogo ni kuinua unyusi mmoja. Shaka la kati ni kuguna. Shaka kuu ni kufunga mikono kifuani na kutazama pembeni, kama mtu aliyeletewa posa asiyoitaka. Wasioweza kuinua unyusi mmoja waliruhusiwa kuinua zote mbili, kwa barua. Tuliguna pamoja mchana kutwa. Mwenyekiti alipita kati ya viti akisikiliza. "Ninyi wa nyuma," alisema, "mguno wenu una huruma ndani yake. Toeni huruma." Kisha kila mjumbe akatumwa kufundisha mtaani kwake.

Jumapili iliyofuata mjukuu wangu akashinda mbio za mlimani.

Mashabiki wanamwita Kipanga, kwa vile anavyoinama juu ya usukani na mabega kuchomoza. Alipanda kile kilima kana kwamba kilikuwa kimelala chini. Akafika, akashuka, akanywa maji, akafuta uso kwa ncha ya fulana yake, na wa pili bado hajaonekana kwenye kona. Watu walifungua midomo washangilie, wakakumbuka, wakaguna. Nami niliguna. Nilikuwa kazini.

Sampuli ya haja ndogo ilipelekwa maabara, ikarudi safi. Mwenyekiti aliishika ile karatasi mbali na macho. "Safi," alisema. "Safi kiasi hiki? Mimi mwenyewe sidhani kama niko safi kiasi hiki." Hapo ndipo ilipotungwa Kanuni ya Pengo, nami nilikuwepo, nilimimina chai. Kanuni inasema: mshindi atakayeshuka, akanywa maji na kufuta uso kabla wa pili hajaonekana, atahesabiwa mshukiwa, na hatavuka mpaka wa nchi hadi shaka la wananchi lipungue. Ila shaka laweza kufutwa mara moja, iwapo aliyeshika nafasi ya pili atatoa maelezo yanayoeleweka ya kwa nini alibaki nyuma, na maelezo hayo yakasomwa redioni.

Wa pili wa mlimani aliitwa, binti mmoja mwenye goti lililochubuka. Alisema: "Nilibaki nyuma kwa sababu yeye ana mbio kuliko mimi."

Wajumbe walitazamana. Maelezo yalionekana kuwa magumu kueleweka.

Basi hati ya kusafiria ya Kipanga ikafungiwa katika kabati la Katibu, na timu ilikuwa inaondoka Ijumaa ya wiki ya pili kwenda mashindano ya bara zima. Asipoondoka na timu, ndiyo kwaheri. Mashindano hayo hayamngojei mtu.

Nilitumwa kupima shaka la wananchi kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu, kwa kuwa pale ndipo mashabiki wanapokaa, juu ya magurudumu mabovu. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote siku Kipanga alipokuwa mdogo na akishindwa.

"Fundi, unamshuku mjukuu wangu?"

"Mimi? Mama mkubwa, yule nimemfungia mnyororo tangu hajaota meno ya ukubwani! Namwamini kama ninavyoamini mkono wangu huu. Ila..."

"Ila nini?"

"Ila kile kilima nakijua. Kile kilima kina roho mbaya."

"Kwa hiyo anatumia dawa?"

"Nani kasema dawa? Usinilishe maneno. Nasema tu, kilima nakijua."

Mwenzake aliyekuwa anaziba pancha akadakia: "Akishindwa mnasema mvivu, akishinda mnasema kala kitu. Sasa afanyeje, atoke sare na kilima?"

"Ashinde," akasema Fundi, "lakini kidogo. Ashinde tukimwona."

Niliripoti hivi: imani ipo, na "ila" ipo. Katibu akaeleza kwamba kwa mujibu wa utaratibu "ila" moja hufuta imani zote zilizoitangulia.

Nyumbani nako nilitimiza wajibu. Nilifungua chupa ya maji ya Kipanga, ile ya buluu yenye mfuniko uliotafunwa, nikainusa.

"Ee mke mwenzangu," akasema mlangoni, maana ndivyo tunavyotaniana, "leo unaninusia chupa?"

"Nanusa kikazi."

"Umenusa nini?"

"Maji."

"Na umeridhika?"

"Kwa cheo changu sitakiwi kuridhika."

Alicheka. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akauliza kwa sauti nyingine: "Bibi, tuache mzaha. Wewe unaniamini?"

Nikamwambia swali hilo lipitie kwa Katibu. Hakucheka tena. Alijilaza akageukia ukutani, na viatu miguuni, mtoto ambaye tangu utoto wake hajawahi kupanda kitandani na viatu. Nilivifungua kamba mwenyewe. Viatu havikuwa na shaka lolote ndani yake, matope tu.

Siku chache kabla ya Ijumaa ile, Mwenyekiti aliandaa Mbio za Uadilifu, ili wananchi waone jinsi mtu safi anavyoendesha. Washiriki walikuwa wakuu wa ofisi tu, kutoka ofisini hadi uwanjani, juu ya baiskeli mpya ambazo nailoni za vitini zilikuwa hazijabanduliwa.

Hapa nieleze jambo moja kuhusu ofisi yetu. Pale hakuna anayempita Mwenyekiti. Hata kwenye ujia, Mwenyekiti akisimama kusoma tangazo ukutani, wote nyuma husimama, na wa mwisho husimama ngazini na mguu mmoja hewani. Naibu wake, mtu mrefu aliyecheza mpira ujanani, amejifunza kutembea kwa hatua fupi mpaka suruali zake zinachakaa magotini. Si amri, ni adabu.

Sasa Mwenyekiti alipoanza kukanyaga pedali polepole, polepole kama mtu anayetafuta kitu barabarani, wakuu walipata taabu kubwa. Baiskeli ikienda taratibu sana huanguka. Wengine walizunguka palepale. Mkuu wa Mipango aliteremka kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba. Naibu alishuka kabisa akawa anaikokota baiskeli yake, na alipoona bado anakaribia, akasimama chini ya mti kuwasalimia watu asiowajua.

Mwenyekiti akaingia uwanjani peke yake. Akakata utepe. Akashuka, akanywa maji, akafuta uso uliokuwa mkavu, akahojiwa na redio, akaeleza siri ya ushindi wake kuwa ni nidhamu. Kule barabarani, hata vumbi la mtu wa pili halikuonekana.

Nikasikia kitu nilichokifundisha mimi mwenyewe kwenye semina za mitaa: unyusi ukipanda, safu kwa safu. Kisha mguno. Ulianzia kwa kina mama wa upande wa kivuli, ukazunguka, ukawa mmoja, mzito, bila chembe ya huruma ndani yake. Nilijivunia mafunzo yetu.

"Mzee," Fundi akapaza sauti, "hilo pengo!"

Katibu ni mwanamke mwaminifu kwa karatasi. Alimsogelea Mwenyekiti na kikombe kidogo cha plastiki, akakishika kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, Kanuni."

"Kanuni gani?"

"Yako, Mheshimiwa."

Wakampeleka kwenye hema. Shahidi wa upande wa mashabiki alitakiwa kuwa mwanamume, akaingia Fundi, akiwa amenawa mikono kwa heshima. Haja ndogo ikagoma. Kipanga, aliyekuwa ameletwa siku ile kugawa maji, alipeleka jagi baada ya jagi mpaka mlangoni.

"Usilazimishe, mzee," akamwambia kupitia turubai, kwa upole kabisa. "Fikiria mvua. Mimi hufikiria bati la nyumbani."

"Wewe hufanyaje na mtu anakutazama hivi?" Mwenyekiti akauliza.

"Huzoei. Unajifunza tu kumwambia habari za hali ya hewa."

Ikasikika sauti ya Mwenyekiti ikimwambia Fundi kwamba huenda kukanyesha.

Majibu yalirudi safi. Yakatangazwa. Asubuhi Mwenyekiti alisimamisha gari mbele ya banda la Fundi, akashusha kioo.

"Umesikia majibu?"

"Nimesikia, mzee! Hongera. Sisi tunakuamini. Ila..."

Mwenyekiti alipandisha kioo. Dereva wake aliniambia kwamba njia nzima alikuwa anarudia neno hilo moja kwa sauti ya chini, kama anayetafuta mwiba wa samaki kooni.

Alhamisi tukaitwa kikao cha dharura. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara wa Ijumaa, na hati yake, kwa Kanuni, ilikuwa kabatini, imelaliana na ya Kipanga.

"Tufanye marekebisho madogo," akasema. "Baada ya neno 'mshindi', tuongeze 'isipokuwa wenyeviti'."

Wote wakasema ni busara. Lakini marekebisho yanahitaji wajumbe wote, wakanigeukia.

"Mwanangu," nikasema, "macho yangu yamezeeka. Vifungu vidogo vidogo vinanipita. Kifungu kikiondolewa chote, hapo nitaona vizuri kwamba hakipo."

Katibu akakohoa. "Ipo njia nyingine, Mheshimiwa. Wa pili atoe maelezo yanayoeleweka. Yasomwe redioni, na shaka lote litakwisha leo hii."

Naibu akajikunyata kitini mpaka urefu ukamwisha. Mwenyekiti akamtazama muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeona mlango nyumbani mwake ambao hakuwahi kuufungua.

"Naibu. Kwani ungeweza kunipita?"

Feni ya dari ilikuwa inapiga kelele, mtu akaizima.

"Mzee," Naibu akasema, "nilishuka nikaikokota baiskeli ili nisikupite. Na bado ilinibidi kusimama."

"Na wewe, Mipango?"

"Mimi kamba za viatu, mzee."

"Hivyo viatu havina kamba."

"Ndiyo, mzee."

Maelezo yote yalieleweka, hata kwangu mwenye elimu ya msingi. Mwenyekiti alikunja mikono juu ya meza akawaza: abaki bingwa anayeshukiwa, au awe mtu safi ambaye redio itatangaza kwamba alisubiriwa. Mwishowe akasema, bila kunitazama, "Futeni Kanuni yote."

Nilichukua hati ya Kipanga kabatini mimi mwenyewe, nikaipeleka nyumbani ndani ya khanga. Alikuwa anasugua mnyororo kwa mswaki wa zamani.

"Nakuamini," nikamwambia. "Na hili sijalipitisha popote."

Aliendelea kusugua, lakini mnyororo ulikuwa umeshang'aa zamani.

Ijumaa basi la timu liliegeshwa mbele ya ofisi, watu wamejaa hadi kwenye uzio. Mwenyekiti alishuka ngazi na koti la safari, akamwona Kipanga anapakia baiskeli, akasimama. Kama kawaida, wote nyuma wakasimama.

"Binti," akasema, "hebu mimi na wewe, kwa baiskeli, kutoka hapa mpaka getini. Lakini usinionee huruma." Akageuka. "Na ninyi nyote, na zile baiskeli zenu. Leo ni ruhusa."

Hakuna aliyejua kama ilikuwa ruhusa ya kweli mpaka Naibu alipoiamini. Miguu ile mirefu! Kipanga alikuwa ameshafika getini anapiga miayo, Naibu akafuata, Mipango akafuata, Katibu akafuata na sketi yake imefungwa pembeni kwa pini, hata mzee wa stoo akapita na baiskeli isiyo na breki. Mashabiki walipiga kelele bila kibali.

Halafu, njia ikiwa tupu, akaja Mwenyekiti. Koti limekaa upande, jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu, anahema kama mvukuto, wa mwisho kabisa. Fundi akakamata uzio kwa mikono miwili.

"Huyu sasa," akasema, "huyu namwamini."

Tukangoja aongeze neno. Hakuongeza.