Mtahiniwa wa Mtanda

Alhamisi, 10 Juni 1954

Barua ya London imefika. Bahasha nene, muhuri mkubwa. Mtihani wa kuingia mwaka wa kwanza wa sheria utafanyika hapa Lindi, katika jengo la mahakama, Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi, mbele ya msimamizi wa serikali. Nimeahirisha mara nne. Safari hii, wanasema, asiyefika atafutwa daftarini.

Nifutwe! Mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu kwa njia ya posta tangu mwaka 1948!

Nimetoa karatasi ya mpango wangu wa maisha na kuisahihisha. Sasa nina miaka arobaini na saba. Kwa kasi yangu ya kusoma nitakuwa wakili nikiwa na hamsini na sita. Serikali hustaafisha makarani wakifika hamsini na tano. Hesabu hii sikumwonyesha Mwahija, mke wangu.

Nilihamishwa kutoka Kilwa Kivinje mwaka 1932, kwa miezi mitatu. Barua ya kunirudisha haijaandikwa bado, na nadhani aliyepaswa kuiandika amekwisha kufa. Nitarudi mwenyewe, wakili kamili, na kibao cha shaba mlangoni, katika mtaa uleule ambamo baba alinisindikiza na sanduku moja na akasema nisirudi karani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hayo yalikuwa mengi kwake.

Jumamosi, 12 Juni

Nimemwomba Bwana Shauri, mkuu wa boma letu, likizo ya wiki moja. Sababu: mambo ya nyumbani. Akauliza mambo gani. Nikasema ya nyumbani. Akasema haiwezekani, karani mmoja amekwisha ruhusiwa wiki hiyo, na boma haliwezi kuendeshwa na tarishi.

Sikutaja mtihani. Siri ni silaha. Kiti cha karani mkuu kiko wazi tangu Aprili, na Klementi, kijana wa misheni mwenye miaka ishirini na minne na suruali zenye pasi kali, anakikodolea macho. Akisikia kwamba mimi ni mwanachuo, kesho atajiandikisha naye.

Basi nitaugua. Kuanzia Jumatatu.

Jumatatu, 14 Juni

Nimeugua vizuri sana. Kitunguu kwapani tangu alfajiri, blanketi mbili, macho nimeyafikicha kwa kidole chenye pilipili. Dresa Romani alikuja kutoka hospitali na kipima joto. Akakitazama, akakikung'uta, akakitazama tena. Akauliza inauma wapi. Nikamjibu kwa maneno ya Kilatini kutoka kitabu cha sheria. Akamgeukia Mwahija akamuuliza kama nina ndugu wa karibu.

Siku nne za kupumzika! Pamoja na chupa ya dawa chungu, ambayo alisimama hapo mpaka nimemeza.

Mchana nimesoma mikataba, kurasa kumi na tisa. Sijasoma hivyo tangu nijiandikishe. Maradhi yananifaa.

Jumanne, 15 Juni

Balaa. Romani amesema bomani kwamba hadhani kama nitaiona Ijumaa.

Saa mbili asubuhi aliingia Likwata. Huyu ni tarishi wa boma, Mmwera wa Kilangala, na ukoo wake na wangu ni watani tangu mababu. Mtani hana mlango. Mtani hakasirikiwi. Na mtu akifa, mtani ndiye mwenye msiba: atachimba, atadai kuku, atamwigiza marehemu mbele ya wafiwa mpaka waliao wacheke. Likwata alikuja na jembe, mkeka na ufito. Akasema ameona awahi, asije akapata nafasi mbaya.

Kisha akanipima.

"Nyoosha miguu, marehemu," alisema. "Kaburi likiwa fupi utanilaumu mimi, na mwenye kosa ni wewe uliyejikunja."

Nilinyoosha. Ningefanya nini? Akaukata ufito palipoishia kisigino changu, akaulaza kando ya kitanda.

Adhuhuri walikuwa watani saba. Wamekula kuku wawili. Mmoja ameniigiza ninavyonusa wino kabla ya kuandika. Sijawahi kujua kwamba nanusa wino.

Jioni Klementi alikuja. Shikamoo yake ilikuwa ya chini, kama ya msikitini, ingawa si mtu wa msikiti. Kitabu changu cha mikataba kilikuwa kimefunika sufuria ya uji. Alikitazama sana. Akaniuliza kama nimefika sura ya sita. Nikaguna tu. Mtoto mjanja. Anapima kama akili ingali timamu, akatoe habari kwa Bwana Shauri.

Jumatano, 16 Juni

Watani kumi na mmoja. Nikipona, habari itafika boma kabla sijavaa viatu, na nitafukuzwa kazi kwa uongo. Nisipopona, sitatoka humu kwenda kwenye mtihani. Nimelifikiria jambo hili kama mwanasheria, na mwanasheria ndani yangu ameomba kesi iahirishwe.

Mwahija alifunga mlango wa chumba akaketi ukingoni mwa kitanda. Akauliza kwa nini sikumwambia Bwana Shauri ukweli tangu mwanzo. Nikamweleza habari za siri na silaha.

"Baba Mastura," alisema, "unamwogopa mtoto aliyezaliwa wewe ukiwa na ndevu. Na mimi nimemaliza kuku."

Akatoka akamwita Likwata, akamwambia yote. Nilisikia kicheko cha Likwata kikipita ukumbini, uani, hadi kwa majirani. Alipoingia chumbani alikuwa amejifuta machozi na alikuwa na mpango. Kesho asubuhi watanichukua kwa kitanda, watani wanne, kana kwamba wananipeleka hospitali. Njia inapita mahakamani. Hapo watanishusha nyuma ya jengo, niingie kwa mlango wa mashahidi. Msimamizi bila shaka ni Bwana Elimu, afisa wa shule, ambaye hanijui.

Mpango safi kabisa. Kwa tarishi, ana kichwa.

Alhamisi, 17 Juni



Tulitoka saa mbili u nusu. Mimi chali, nimefunikwa shuka jeupe mpaka kichwani nisitambulike, kalamu mbili mfukoni. Watani wakaenda mbio, maana tulichelewa.

Jamani. Wanaume wanne, kitanda mabegani, shuka jeupe, mwendo wa haraka. Nani wa pwani akione asifikirie jeneza? Na nani akutane na jeneza asitie bega? Fundi cherehani aliacha cherehani. Muuza samaki aliacha samaki. Kila hatua kumi bega jipya, na watani wangu wakasukumwa nyuma mmoja mmoja hata nikawa nimebebwa na watu nisiowajua. Nyuma mtu akaanza kuvuta tahalili, na sauti hamsini zikapokea.

Waliulizana nani huyu. Abilahi, karani wa boma, wa mtaa wa Mtanda. Mmoja akasema nilikuwa mpole. Mwingine akasema mtu wa Kilwa huyo, maskini, amefia ugenini. Wa tatu akasema nilikuwa mtu msomi, na kwa kweli nikaona si vibaya twende polepole kidogo.

Kisha nikachungulia kwa pembe ya shuka. Mahakama ilikuwa inapita. Saa ya ukutani: saa tatu kasoro dakika saba. Walikuwa wananipeleka makaburini, na kwa bidii.

Nikaketi.

Sitaeleza yaliyofuata kwa urefu. Aliyekuwa mbele kulia hakuaga. Kitanda kilishuka upande mmoja, nami nikashuka nacho. Nilikimbia na shuka mabegani, nikaingia kwa mlango wa mbele.

Mezani, na bahasha iliyofungwa lakiri na saa mkononi, alikuwa Bwana Shauri. Bwana Elimu yuko safarini Masasi. Na kwenye dawati la kwanza, kalamu zimepangwa, suruali ina pasi, alikuwa Klementi. Ndiye karani aliyeruhusiwa.

Bwana Shauri alinitazama kutoka shuka hadi miguu.

"Abilahi. Wewe ni mgonjwa au ni mwanafunzi?"

Nikasema vyote viwili, bwana.

"Ungeniambia," alisema, "ningekupa wiki mbili." Akatazama saa. "Kaa."

Swali la kwanza: mtu aliyepata faida kwa kudanganya, je, anaruhusiwa kubaki nayo? Niliandika kurasa nne, nikimtetea kwa nguvu zangu zote.

Ijumaa, 18 Juni

Barua ya onyo. Klementi ni kaimu karani mkuu kuanzia leo. Mjini watu wanabadili njia wakiniona, na muuza samaki anataka kujua huko kukoje.

Jumatatu, 20 Septemba

Matokeo. Klementi, sitini na moja kwa mia. Mimi, ishirini na tisa. Msahihishaji ameandika kwamba jibu langu la kwanza lina moyo mkubwa lakini linakwenda kinyume cha sheria yote. Nimefutwa daftarini.

Klementi alikuja mezani kwangu, shikamoo Mzee Abilahi, akasema chuo kinapokea maombi mapya Januari, na tungeweza kusoma pamoja, yeye ana maandishi yake yote. Nikamshukuru. Nikasema nina shughuli.

Nilirudi nyumbani nikaitoa karatasi ya mpango. Nikafuta palipoandikwa wakili. Palipoandikwa Kilwa sikupagusa.

Lakini hebu tufikiri kwa utulivu. Dresa aliyesomea, mwenye kipima joto, amepita mikononi mwangu asijue niumwalo. Je, hicho si kipaji? Sheria haikuwa njia yangu. Njia yangu ni udaktari! Kipo chuo kingine, nacho ni cha posta, na leo nimeandika kuomba fomu. Mtihani ni Machi. Klementi asijue, wala Bwana Shauri.

Likizo haitakuwa tabu. Kuugua nimekwisha kujaribu, kuna kasoro zake. Safari hii nitafiwa. Marehemu nimemchagua baada ya kufikiri sana: Likwata. Ni mtu wa kutegemewa, na wiki hiyo ya Machi huwa yuko Kilangala shambani. Sijamwambia.