Siku Nilipochana Mbele ya Kina Mama wa Mohoro

"Mwanamke gani ndiye aliyeanzisha kuchana?"

Niliulizwa hivyo mchana kweupe, Kibiti, mbele ya ukumbi uliojaa watu, kipaza sauti kikiwa mkononi na shahada ya chuo kikuu ikiwa nyumbani ukutani. Nikajibu kwa kujiamini.

Nawaambieni leo kwa sababu leo kundi zima humu mtandaoni mnasherehekea kuzaliwa kwa hip-hop. Tangu asubuhi ni picha za kofia zilizogeuzwa nyuma na maneno mazito. Kila mtu ni mwasisi. (Kuna kaka mmoja humu ambaye chuoni alikuwa akituzimia redio ili asome. Naye leo ni mwasisi.) Basi na mimi nina mchango wangu. Mimi niliumbuka kwa ajili ya hip-hop. Nani mwenzangu?

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kila kitu kilifunguliwa kwa mpigo: mitumba ikaingia, redio za watu binafsi zikaingia, na wahitimu wasio na kazi wakaingia. Mimi nilikuwa kwenye shehena ya tatu. Nilirudi nyumbani Kibiti nikiwa nahoji kila kitu. Kwa nini wanaume wapakuliwe kwanza? Kwa nini pantoni ya Ndundu iharibike siku za gulio tu? Baba yeye alikuwa na swali moja: "Na kazi lini?"

Nikaokolewa na mradi wa vijana kutoka Dar. Walinipa ukumbi wa bati, mabenchi, redio kaseti mbili na jenereta lenye kikohozi. Nikafungua klabu ya hip-hop. Vijana wakaja. Wazee wakasema ni uhuni. Mimi nikasema wazee hawajui historia. (Nilikuwa na umri ule ambao mtu husema hivyo na kulala usingizi mzuri.)

Kisha ikaja habari: Bwana Mratibu wa mradi anakuja Jumamosi. Anataka kuona kama klabu ina watu. Ikiwa haina, ukumbi unafungwa, redio zinarudi Dar, na mimi narudi shambani kwa baba kuuhoji mpunga.

Nikaandaa sherehe. Kwanza nitatoa mhadhara juu ya chimbuko la hip-hop. Halafu vijana watashindana kurap. Zawadi: fulana nyeusi ya mtumba, pana kama pazia, na mkufu wa dhahabu bandia wenye pingili nene kama mnyororo wa baiskeli. Matangazo nikampa Mzee Kindamba, aliyekuwa akizunguka na baiskeli na kipaza sauti cha betri, akitangaza misiba, mikutano na sukari iliyofika dukani. Nilimwandikia maneno machache tu, tena kwa lugha ya vijana, ili nisionekane mshamba:

"Mashindano makubwa ya kuchana! Jumamosi, ukumbi wa vijana. Wote mnakaribishwa."

Kuchana. Kwa vijana wa Dar, kuchana ni kutiririsha mistari. Nilikuwa nimelipata neno hilo Dar na nililionea fahari kama mtu aliyenunua viatu vipya.

Sasa, kwa nyie ambao hamkulelewa kwetu: Rufiji kuchana ni kuchana ukindu. Unachukua majani ya mkindu, unayapasua kwa kisu kidogo au pini, unapata nyuzi nyembamba zilizo sawasawa. Ukishachana unasuka ukili, ukishasuka unashona mkeka. Mama yangu alichana. Bibi yangu alichana. Mimi mwenyewe nimelala juu ya mikeka iliyochanwa tangu nizaliwe. Je, nilifikiria hilo hata sekunde moja? Hapana. Nilikuwa nimesoma.

Ijumaa nilimsikia Mzee Kindamba akipita kwa mbali. "Kuchanaaa! Kuchanaaa!" Nikatabasamu. Sikusikia alichoongeza baada ya hapo. Nilikuja kuambiwa: "Kina mama, njooni na ukindu wenu, aliye bingwa ajulikane!" Na alikuwa na bidii yule mzee. Alidandia lori mpaka Ikwiriri, akavuka na pantoni, akatangaza mpaka Mohoro.

Jumamosi nikavaa kihip-hop. Suruali ya mtumba, pana, kiunoni nimeikaza kwa mkanda wa baba. Nilipofika ukumbini nikakuta umati mpaka nje. Moyo ukaruka kwa furaha. Nikamtafuta Seif, kijana aliyerekodi kaseti za watu pale stendi, ambaye ndiye alikuwa DJ wetu.

"Seif! Watu wamejaa!"

"Wamejaa, dada," akasema, hata hacheki. "Ila angalia kwanza."

Nikaangalia. Kina mama. Kina mama watupu, wamekaa chini, mabenchi wameyapanga ukutani. Kila mmoja na furushi la ukindu, mwingine wa rangi ya asili, mwingine uliochovywa zambarau na kijani. Hewa yote inanuka majani makavu.

"Vijana wako wapi?"

"Nyuma ya ukumbi. Wamejificha."

"Wanamkimbia nani?"

"Mama zao, dada. Wamo humu ndani."

Wakati huohuo Shabani, nyota wetu mkubwa, alichungulia dirishani kuona hali ilivyo. Kosa! Sauti ikapaa kutoka mstari wa mbele:

"Wewe Shabani! Si suruali ya baba yako hiyo? Mwenzio toka asubuhi kakaa ndani na shuka, ati kaibiwa!"

Shabani akatoweka. Nyota yetu ikazimika hivyo.

Na nani anaingia mlangoni? Bwana Mratibu. Shati jeupe, miwani, kijitabu. Akakaa kwenye benchi la ukutani, akaangalia kina mama, akaniangalia mimi na suruali yangu, akafungua kalamu.

Hapo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikashika kipaza sauti.

"Shikamooni!"

"Marahaba, mwanetu!"

"Leo tunasherehekea chimbuko la kuchana!"

Vigelegele. Vigelegele, jamani! Nikapata nguvu. Nikawaeleza habari za Bronx, mtaa wa New York. Nikasema watu wa kule walikuwa maskini, nyumba zinaungua, hakuna anayewajali. Wakachukua kile walichokuwa nacho mikononi, wakaanza kuchana.

"Masikini ya Mungu," akasema mama mmoja. "Na ukindu wanaupata huko?"

"Hawatumii ukindu, mama. Wanatumia maneno."

Kisha mama mwingine akamwambia jirani yake, kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Huyu katoka na njaa nyumbani."

Ndipo akasimama Bi Somoe. Huyu alikuwa mchanaji mkuu wa Mohoro, amevuka mto alfajiri na mafurushi mawili, na alijua fika kwamba amekuja kushinda. Mwanamke wa sauti. Aliposimama hata jenereta lilionekana kukohoa kwa adabu.

"Mwanangu, nina swali. Huko kwao, mwanamke gani ndiye aliyeanzisha kuchana?"

"Hakuwa mwanamke, bibi. Walioanzisha ni wanaume."

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakalala juu ya mafurushi yao. "Wanaume wachane!" "Wa kwangu hata kukunja mkeka hajui!" "Wa kwangu akiukunja, anajikunja naye ndani!"

Bi Somoe hakucheka. Alingoja watulie.

"Mwanangu, wanaume hawaanzi kitu kama hicho. Wanaonekana mbele, basi. Tafuta vizuri. Kuna mwanamke hapo."

"Bibi, vitabu vinasema ni wanaume."

"Vitabu kaandika nani?"

(Mimi ndiye mhoji mkuu wa Kibiti. Swali hilo lilikuwa langu kwa haki kabisa. Sijui lilimfikiaje yeye kwanza.)

Nikaona Bwana Mratibu anaandika. Nikaingiwa na hofu. Nikaamua kuwaonyesha kwa vitendo. Nitachana mwenyewe! Wataelewa!

"Seif, piga!"

Seif akapiga. Alikuwa na kaseti mbili zenye mdundo uleule. Moja ikiisha anawasha nyingine, ili mdundo usikatike, kama walivyofanya kule Bronx kwa santuri. Ya kwanza ikaenda vizuri. Nikaanza:

"Natoka Kibiti, sitaki kiti,
nimesoma sana, nina cheti..."

Redio ya pili ikameza utepe wa kaseti. Mdundo ukageuka mlio wa mbuzi anayeulizwa jambo. Nami nilishaanza, siwezi kurudi. Nikaendelea bila mdundo, nikirusha mikono.

"Ana degedege?" akauliza mama mmoja.

"Mwacheni," akasema Bi Somoe. "Anajitahidi."

Jamani, bora kuzomewa kuliko kuambiwa "anajitahidi".

Nikaamua kumaliza kwa kishindo. Nilikuwa nimewaona vijana wa Dar: unaruka, unatua umechuchumaa, mkono mmoja sakafuni, unaganda. Nikaruka. Nikatua. Lakini nilitua juu ya ukindu. Sijui kama mmewahi kukanyaga ukindu mkavu kwenye sakafu ya saruji. Ni sabuni. Mguu mmoja ukaelekea Nyamisati, mwingine ukaelekea Utete, na mimi nikabaki katikati.

Ikasikika sauti. Ndefu. Safi. Kutoka kwenye mkanda wa baba hadi pindo la suruali.

Chraaa!

Kisha Bi Somoe akainua mkono kama mwamuzi wa mpira:

"Haya! Huyo sasa kachana!"

Vigelegele vilisikika mpaka stendi. Vijana waliokuwa wamejificha nyuma wakaja wote madirishani kuona. Kwa mara ya kwanza siku ile klabu ilikuwa na vijana. Bi Somoe akanitupia kanga yake, akanifunga yeye mwenyewe kiunoni kwa mafundo mawili, akaninong'oneza: "Umechana vizuri, lakini si sawasawa. Upande wa kushoto umekwenda kombo." Kisha akaketi na kuwaambia wenzake: "Haya, sasa tushindane."

Wakashindana. Wakachana huku wakiimba na kutupiana maneno ya utani ambayo siwezi kuyaandika humu, shemeji zangu wamo. Seif akafaulu kuukwamua utepe, akawapigia mdundo. Bi Somoe akashinda, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Nikamsogelea Bwana Mratibu nikiwa na kanga, nikisubiri hukumu. Akafunga kijitabu.

"Hongera sana," akasema. "Mimi nilitarajia vijana kumi wanarukaruka. Wewe umeleta jamii nzima. Huu ndio ushirikishwaji."

Ukumbi haukufungwa. Ulipewa jina jipya: Kikundi cha Kuchana Kibiti. Nikawa katibu wa mikeka kwa miaka mitatu. Hip-hop ikapewa Jumanne, baada ya alasiri, kwa sharti wafagie kwanza. Na baba akaacha kuuliza kazi lini. Akaanza kuuliza mkanda wake uko wapi.

Bi Somoe alirudi Mohoro jioni ileile. Aliyemwona kwenye pantoni anasema alikuwa amevaa ile fulana nyeusi juu ya gauni, na mkufu shingoni, akimweleza nahodha kwamba huko Amerika wanaume wanachana, ati, na yeye haamini.

Sasa chekeni mmalize, halafu mnisikilize jambo moja. Miaka mingi baadaye, nilipopata intaneti na muda wa kuhoji, nilitafuta habari za ile sherehe ya Bronx, ile ambayo leo mnaisherehekea kama siku ya kuzaliwa. Ni kweli aliyepiga santuri alikuwa mwanamume. Lakini sherehe haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake. Huyo dada ndiye aliyeiandaa, msichana wa shule, kwa sababu shule zilikuwa karibu kufunguliwa na alitaka hela ya kiingilio anunue nguo mpya.